Sensa ya hewa ya "mbio" kwenye pikapu yako: pima kwanza, ndipo ununue

Baada ya shikamoo na marahaba, mteja wangu Mwalimu hakunieleza ugonjwa wa gari. Alinieleza dawa aliyokwisha kuilipia.

"Fundi, nimefunga sensa ya hewa ya mbio, imekuja kwa basi kutoka Dar. Taa ya injini imezima, silensa imetulia kabisa. Ila sasa linakunywa mafuta kama limelogwa, na nikipanda mpando wa Isyonje na mzigo linatoa moshi mweusi."

Silensa ni injini kuzunguka yenyewe bila kukanyaga mafuta. Gari lenyewe ni Hilux ya petroli, injini ya 2TR, lita 2.7. Linabeba parachichi za Rungwe kuzileta hapa Uyole, Mbeya.

"Ile ya zamani uliitupa, Mwalimu?"

"Nitupe? Ipo kwenye dashibodi." Mungu ambariki, maana wengi huwa wameshaigawa.

Nitasimulia tulivyolipima, kwa sababu hatua zile zile ndizo unazopaswa kuzipita kabla hujatoa hela. Lakini kwanza ujue kitu unachouziwa kwa jina la "mbio", kwa ahadi ya nguvu zaidi. Sensa ya hewa inakaa kwenye bomba la hewa, baada tu ya ea klina, chujio la hewa. Ndani yake kuna kiwaya chembamba mno kinachopashwa moto kwa umeme. Hewa ikipita inakipoza, sensa inaongeza umeme kirudi kwenye joto lake, na umeme huo unaoongezwa ndio unaoiambia kontroboksi, kompyuta ya injini, zimeingia gramu ngapi za hewa kwa sekunde. Kwenye petroli, kontroboksi ikishajua gramu, inaamua nozeli zimwage mafuta kiasi gani. Kwa maneno mengine hii ni mizani. Ukipeleka gunia lile lile la mpunga kwenye mizani nyingine, punje haziongezeki. Kinachobadilika ni namba inayoandikwa daftarini.

Halafu hakikisha gari lako linayo. Usicheke. Nimewahi kuletewa Canter ya 4D33 na mwenyewe anatafuta "eafulo", yaani sensa hii, na injini ile ina pampu ya kawaida isiyojua kontroboksi ni nini. Land Cruiser ya 1HZ vivyo hivyo. Malori mengi makubwa ya Ulaya yanakadiria hewa kwa presha na joto la hewa inayotoka kwenye tabo, ile feni inayosukumia injini hewa, hayana kiwaya cha moto popote. Na kwenye dizeli za kisasa zenye sensa hii, kama Hilux ya 1KD, kazi yake kubwa ni kuongoza vali ya EGR, ile inayorudisha moshi ndani, na kuzuia mafuta yasizidi hewa yakaleta moshi mweusi. Mtu anayekuahidi kwamba sensa peke yake itaiongezea dizeli yako nguvu, mwache na biashara yake.

Turudi kwa Mwalimu. Kifaa nilichotumia ni kidude cha ELM327, kile kinachochomekwa chini ya usukani na kusomwa kwenye simu. Huhitaji mashine ya mamilioni. Mambo mawili tu ndiyo ya kuyatazama: gramu kwa sekunde, na asilimia ya marekebisho ya mafuta, ambayo programu nyingi huiandika LTFT. Hiyo ya pili ndiyo shahidi mkuu wa kesi hii. Sensa ya oksijeni kwenye ekzosi inaonja moshi. Ikikuta mafuta hayatoshi, kontroboksi inaongeza, LTFT inakwenda kwenye jumlisha. Yakizidi inapunguza, inakwenda kwenye kutoa. Kwa gari lisilo na ugonjwa, LTFT huwa karibu na sifuri. Ikivuka 10 upande wowote, tafuta sababu.

Nikaanza na sensa yake ya zamani. Injini imepata moto, iko silensa: gramu 2.6, LTFT jumlisha 23. Nikakanyaga mpaka mizunguko 2500 nikaishikilia: jumlisha 7. Nikafunga ile ya mbio. Silensa, jumlisha 3, safi kabisa. Kwenye 2500, kutoa 11.

Namba hizo usizipite haraka. Sensa ya zamani ilionekana mbaya silensa, lakini karibu nzima ukikanyaga. Mizani mbovu haifanyi hivyo. Tundu ndilo linalofanya hivyo: kuna hewa inaingia baada ya sensa bila kupimwa. Injini ikiwa silensa inavuta hewa kidogo, kwa hiyo ile ya wizi ni sehemu kubwa. Ukikanyaga, hewa ni nyingi na ile ya wizi inamezwa. Na sensa ya mbio? Yenyewe inasoma zaidi ya ukweli kwa karibu asilimia 20. Silensa, uongo wake ukafidia hewa ya wizi, taa ikazima, Mwalimu akafurahi. Barabarani hapakuwa na cha kufidia, ikabaki inadanganya tu, na kwenye mpando na mzigo, ambako kontroboksi haisubiri oksijeni, petroli ikamwagika.

Ndiyo maana kuna watu watakuapia kwamba sensa ya mbio imewaponyesha magari. Hawasemi uongo. Uongo mbili zilikutana.

Tundu lilikuwa kwenye hozi ya mpira kati ya ea klina na throtoli, mlango wa hewa wa injini, upande wa chini, ndani ya mikunjo. Ukiitazama ikiwa mahali pake, nzima. Ukiichomoa na kuipinda kama unakamua nguo, mdomo unafunguka wa urefu wa kidole. Mpasuko huo nimeuona mara nyingi kiasi kwamba siku hizi naanza na hozi kabla ya kugusa waya wowote. Fanya hivyo na wewe: pinda kila hozi kuanzia kwenye sensa mpaka kwenye injini, kaza klipu, tazama na zile hozi nyembamba za vakyumu. Kisha fungua ea klina. Ikiwa umeweka ile ya kupaka mafuta, itazame kwa wasiwasi, maana mafuta yakizidi yanahamia kwenye kiwaya na kukishikisha vumbi. Kwa barabara za vumbi za Ubaruku na kwingineko nakushauri ea klina ya karatasi, ile yenye mpira mzima wa kuziba pembeni.

Baada ya hapo, safisha. Zima swichi, chomoa plagi, fungua skrubu mbili za nyota, itoe taratibu. Tumia dawa ya kupuliza iliyoandikwa kwamba ni ya sensa ya hewa. Siyo petroli, siyo dawa ya kabureta, siyo dawa ya breki, na usithubutu kuipiga kwa hewa ya kompresa. Usiiguse na chochote. Kijana wangu aliwahi kuingiza kijiti cha pamba cha masikioni, "niipanguse kidogo tu dada", na kiwaya kikakatika mbele ya macho yangu na ya mteja. Nilimlipa mteja. Puliza mara kumi hivi, iache ikauke yenyewe dakika ishirini, irudishe ukihakikisha pete ya mpira ipo na mshale unafuata hewa inakokwenda.

Kama una mita ya umeme, ongeza kipimo kimoja nikipendacho. Swichi iwake bila kuwasha injini, soma volti kwenye waya wa ishara, halafu ipulize kwa mdomo. Ikipanda na kushuka na pumzi yako, iko hai. Isiposogea, angalia kwanza kama umeme wa betri na ethi vinafika kwenye plagi. Panya wa Mbeya wanapenda waya kuliko mahindi.

Kwa Mwalimu, hozi mpya pamoja na sensa yake ya zamani iliyosafishwa vilitupa gramu 3.2 silensa na LTFT jumlisha 2. Kwa kujiridhisha nikairudisha ile ya mbio: kutoa 17.

"Mbona basi bado naona halina nguvu kama nikiwa Dar?" akauliza. Swali zuri, na hapa wengi ndipo wanapopigwa. Mbeya tuko kama mita 1,700 juu ya bahari, hewa ni nyepesi. Piga hesabu: lita 2.7 kwa mizunguko 4000 kwa dakika, na injini hujaza lita zake zote mara moja kila mizunguko miwili, basi inapiga lita 90 za nafasi kila sekunde, na kwa kawaida inajaza kama asilimia 85. Dar kwenye joto lake lita ya hewa ina gramu 1.16 hivi, unapata karibu gramu 89. Hapa kwetu lita ni kama gramu moja, unapata 75 au 76. Kwa hiyo ukikanyaga mpaka mwisho kwenye mpando na simu ikaonyesha 75, sensa iko sahihi. Hewa ndiyo haipo. Bila tabo hakuna kidude cha kuchomeka kitakachoileta.

Sensa za mbio zinazouzwa ziko za aina mbili tatu. Ipo inayosoma juu, kama ya Mwalimu. Ipo ile ambayo kwa kweli ni kirizista cha kuunga kwenye waya wa joto la hewa ili kontroboksi idhani kuna baridi na kuongeza mafuta. Sensa ya oksijeni inayaondoa baada ya muda mfupi. Na ipo yenye bomba pana, ambayo ndiyo ninayoiogopa. Sema la kwako ni milimita 70, ukafunga la 80 na kiwaya kile kile. Hewa imetanuka, mwendo wake mbele ya kiwaya umepungua, inasomeka kama asilimia 77 tu ya iliyopita. Hii ni lumbesa, wakulima wa viazi wananielewa: gunia limefura, daftarini linaandikwa moja. Silensa, oksijeni itarekebisha kadiri inavyoweza. Ukikanyaga mpaka mwisho na mzigo, kontroboksi haisubiri tena oksijeni, mafuta yanakuwa pungufu, joto linapanda, injini inagonga, na bei ya pistoni unaijua.

Bomba pana lina mahali pake: umefunga tabo au umeijenga injini mpaka sensa ya kiwandani imefika mwisho wa kipimo chake, na unaye mtu wa kuandika upya hesabu za kontroboksi gari likiwa kwenye mashine ya kupimia nguvu. Kwa pikapu ya mzigo sijaona sababu.

Ikiwa yako imekufa kweli, nunua kwa namba iliyochapwa mgongoni, siyo kwa umbo la plagi. Plagi ya waya tano inaingia kwenye Toyota nyingi ambazo hesabu zake hazifanani. Mimi kati ya kopi mpya na Denso ya mtumba iliyotoka kwenye gari lililokatwa, nachukua ya mtumba. Patana na mwenye duka la spea kwamba utairudisha siku hiyo hiyo, ifunge, zunguka kilomita kumi na kidude chako, soma LTFT silensa na kwenye 2500. Zikikaa kati ya kutoa 10 na jumlisha 10 zote mbili, lipa.

Mwalimu aliniachia ile ya mbio, hakutaka kuiona tena. Pete yake ya mpira ilikuwa nzuri sana, nimeifunga kwenye Hilux ya mtu mwingine.