SOMO: Namna ya kufuatilia neno la mmea la Kiebrania kwenye Maandiko (mfano: mlozi, "shaked")

Shalom wapendwa. Swali la maana ya "ufito wa mlozi" wa Yeremia nimelijibu faragha mara nyingi mno, na kila anayeuliza naanza naye upya. Leo naliweka hapa hatua kwa hatua. Ukilifuata unaweza kufanya hivyo hivyo kwa mzeituni, mtini, hisopo au mmea wowote.

Unachohitaji: Biblia ya Kiswahili (mimi natumia Union Version ya 1952), programu ya Biblia ya simu yenye namba za Strong (orodha inayolipa kila neno la asili namba yake), daftari na kalamu. Kiebrania si lazima ukijue. Ukijua herufi zake 22 utafika mbali zaidi.

Hatua ya 1. Andika mstari wote daftarini kwa mkono, pamoja na unaofuata. Hapa ni Yeremia 1:11-12: nabii anaona ufito wa mlozi, na Bwana anamjibu, "Umeona vema, kwa maana ninaliangalia neno langu, ili nilitimize."

Hatua ya 2. Bonyeza neno "mlozi" kwenye programu, upate neno la asili. Ni *shaked*, namba 8247.

Hatua ya 3. Tafuta namba hiyo, usitafute neno la Kiswahili. Utapata mahali pane tu: Mwanzo 43:11, Hesabu 17:8, Mhubiri 12:5 na Yeremia 1:11. Ukifungua Biblia ya Kiebrania, ile Hesabu 17:8 iko 17:23, kwa sababu sura zimegawanywa tofauti. Usidhani mstari umefutwa.

Hatua ya 4. Hakikisha ni neno lile lile. Hapa nakaa, maana hapa ndipo nilipoanguka.

Miaka kadhaa iliyopita nilipewa zamu ya kufundisha kwenye mkesha wa Ijumaa. Nilishajifunza kwamba *shaked* inahusiana na kukesha, nikafurahi nayo mno. Nikaenda Mwanzo 30:37, pale Yakobo anapobambua fito na kuziweka mbele ya mifugo ya Labani. Kiswahili kinasema mojawapo ilikuwa ya mlozi. Nikahubiri karibu saa nzima kwamba Yakobo alifanikiwa kwa sababu aliweka "fito za kukesha". Watu waliitikia, wengine waliandika.

Asubuhi mzee mmoja aliyesoma Kiebrania chuoni aliniita pembeni. Hakunikemea. Alifungua Biblia yake ya Kiebrania, akaweka kidole kulia mwa mstari, akakisogeza polepole kwenda kushoto, halafu akasimama. "Soma." Nikasoma kwa kubabaika: lamedi, vavu, zayini. *Luz*. Hakuna shini, hakuna kofu, hakuna daleti. Mti ni ule ule, ila jina ni jingine kabisa, namba 3869, na halina undugu wowote na kukesha. Somo langu lote lilisimama juu ya neno ambalo halikuwamo kwenye mstari ule. Ijumaa iliyofuata nilirudi mbele ya watu wale wale nikalisahihisha.

Kwa hiyo, maonyo:

Neno moja la Kiswahili linaweza kubeba maneno mawili ya Kiebrania. Kagua namba kila mstari, hata ule unaoamini unaujua.

Kinyume chake pia kipo: neno moja la Kiebrania hutawanywa kwenye maneno kadhaa ya Kiswahili. Utaliona hatua ya 6.

Na usilazimishe ishara. Lozi za Mwanzo 43:11 ni zawadi ambayo Yakobo anawapa wanawe wampelekee mkuu wa Misri, pamoja na asali, ubani na manemane. Ni chakula kizuri cha nchi kilichofungwa mizigoni wakati wa njaa. Ukisema pale kuna fumbo la kukesha, umelitia wewe.

Nyongeza: "lozi" yetu imetoka Kiarabu, *lawz*, ambayo ni ndugu wa *luz* ya Kiebrania. Mswahili anaposema mlozi, mdomo wake uko karibu na fito za Yakobo kuliko ufito wa Yeremia. Ndiyo maana mchezo wa maneno wa Yeremia, utakaouona hatua ya 6, hatuusikii.

Hatua ya 5. Ujue mmea wenyewe. Katika nchi ya Israeli mlozi ndio unaotangulia miti mingine ya matunda kuchanua, mwishoni mwa Januari hadi Februari, baridi ikiwa bado ipo. Maua hutoka kabla ya majani, kwa hiyo unaona matawi makavu yamevikwa weupe wenye wekundu hafifu. Yeremia alikuwa mtu wa Anathothi, kilomita chache tu kaskazini-mashariki mwa Yerusalemu. Mti huu hakuhitaji kuelezwa.

Ukishaushika huo weupe, Mhubiri 12:5 inafunguka. Sura ile inaeleza uzee, na wafasiri wengi husoma "mlozi utachanua maua" kama mvi.

Hatua ya 6. Fuata mzizi. Andika herufi tatu: שקד (soma kutoka kulia: shini, kofu, daleti). Kiebrania cha kale kiliandikwa konsonanti. Alama za irabu ziliongezwa na Wamasoreti, wanakili wa Kiyahudi wa Maandiko, karne nyingi baadaye. Kwa konsonanti peke yake, *shaked* (mlozi) na *shoked* (anayekesha, anayeangalia) yanafanana. Ndipo utakapoelewa mazungumzo yale. "Waona nini?" *Shaked*. "Umeona vema, kwa maana mimi ni *shoked* juu ya neno langu." Jibu la Bwana linatoka ndani ya neno ambalo nabii ametoka kulitamka. Mimi bado linanisisimua kila ninapolisoma kwa sauti, nanyi lisomeni kwa sauti.

Watafsiri wa kale walihangaika nalo. Tafsiri ya Kiyunani iliandika fimbo ya mti wa njugu, ikaubakiza mti na kupoteza sauti. Jerome, aliyetafsiri Biblia kwa Kilatini, aliandika *virgam vigilantem*, fimbo ikeshayo. Alibakiza sauti, akapoteza mti.

Sasa fuata kitenzi, namba 8245. Zaburi 127:1, mlinzi "akesha bure". Zaburi 102:7, "Nakesha", kama shomoro aliye peke yake juu ya nyumba. Yeremia 5:6, chui anayeiotea miji. Kiswahili kimetumia maneno tofauti, Kiebrania ni mzizi mmoja.

Hatua ya 7. Ndipo uandike maana, kwa sentensi moja, na chini yake mistari inayoibeba. Yangu ya Yeremia ni hii: Mungu hajalala juu ya alilolisema. Usiifanye tamu kupita kiasi. Yeremia 44:27 inatumia kitenzi hicho hicho kwa ajili ya mabaya, wala si kwa mema. Halafu 31:28 inaahidi kwamba kama alivyowaangalia ili kung'oa na kubomoa, ndivyo atakavyowaangalia ili kujenga na kupanda. Ni maneno ya wito wa 1:10 yanarudi. Ukifundisha moja bila nyingine, umefundisha nusu.

MASWALI YA WANACHAMA

Mtumishi naomba maana ya mlozi kwa kifupi, sina muda wa kusoma yote.
Hatua ya 7.

Nimeota niko chini ya mlozi unaochanua. Maana yake nini?
Sifasiri ndoto, na somo hili halihusu ndoto. Mwone mchungaji wako.

Kwetu Tanga mlozi upo, una majani mapana yanayokuwa mekundu kabla ya kudondoka. Je, ndio wa Yeremia?
Ahsante kwa kuuliza hivi, umeeleza vizuri. Huo ni mkungu. Watu wengi wa pwani hufikiri ndio mlozi kwa sababu kokwa yake ukiipasua ina mbegu inayofanana na lozi kwa umbo na ladha. Ni miti ya jamii tofauti kabisa. Mlozi wa Biblia ni ndugu wa mpichi, na unataka majira ya baridi ili uchanue. Kama unafundisha watoto, waonyeshe lozi za dukani na picha ya maua, usiwapeleke chini ya mkungu.

Niko Bukavu. Kwetu mulozi ni mchawi. Nilipokuwa mdogo nilisoma "ufito wa mlozi" nikaogopa. Kuna uhusiano?
Hakuna, ndugu yangu, na nashukuru umelisema, maana si wewe peke yako. Ni maneno mawili yaliyogongana kwa sauti. Mlozi mchawi ametoka kwenye kuloga, neno la Kibantu, na wingi wake ni walozi, kwenu balozi. Mlozi mti umetoka kwenye lozi ya Kiarabu, na wingi wake ni milozi. Ukifundisha huko, anza na hilo kabla hujasoma mstari.

Mbona unatukatisha tamaa? Roho ndiye afundishaye, si Kiebrania. Mtume gani alitumia namba?
Sijasema Kiebrania kinafundisha badala ya Roho. Nimesema nilifundisha neno ambalo halikuwa kwenye mstari, na namba ingenizuia. Yeremia alisikia kwa Kiebrania. Kutaka kusikia alichosikia si dharau kwa yeyote.

Kwa hiyo fimbo ya Musa nayo ilikuwa ya mlozi?
Andiko halisemi. Iliyozaa malozi ni ya Haruni. Soma Hesabu 17 yote.

Nimefuata hatua zako nikakuta namba 8246 kwenye Kutoka 25:33. Ni kitu gani? Ina uhusiano na kinara?
Umechimba vizuri sana. Ni *meshukadim*, "vilivyofanywa mfano wa maua ya mlozi". Ni vikombe vya kinara cha dhahabu: vitatu katika kila tawi, matawi sita, na vinne kwenye mti wa kati. Jumla 22. Sasa soma Kutoka 27:21, taa inatengenezwa iwake tangu jioni hata asubuhi. Taa yenye umbo la mlozi, inayokesha. Andiko lenyewe haliunganishi hayo mawili kwa maneno, kwa hiyo mimi hulisema kama wazo, si kama fundisho. Ila ni wazo ninalolipenda.

Nje ya mada kidogo: ule mtango wa Yona nao ukoje?
Si nje ya mada. Neno ni *kikayon*, na limo Yona sura ya 4 tu, kwa hiyo hatua ya 3 haitakusaidia sana. Tafsiri ya Kiyunani iliusoma kama mmumunye. Jerome akaubadilisha kuwa mti wa kutambaa wa ukutani, na Augustine, askofu wa Afrika Kaskazini, alimwandikia kwamba kwenye mji wa Oea, Tripoli ya leo, watu walifanya ghasia kanisani waliposikia neno jipya. Wachunguzi wengi wa sasa wanaona ni mbarika, ule tunaouita pia mnyonyo. Kama kwenu umeota kando ya jalala, kauangalie: unakua upesi, majani yake mapana kama kiganja kilichofunguliwa, na shina lina uwazi ndani. Likate, utaona kwa nini buu mmoja, yule wa Yona 4:7, angetosha kuukausha.