Gramu 80 za mboga za majani ni kiasi gani kwenye sahani?

Kwa Kiswahili cha nyumbani, mboga ni chochote kinachosindikiza ugali au wali: dagaa, maharage, nyama, mchicha. Ndiyo maana mtu husema, bila kudanganya, kwamba anakula mboga kila siku, na kumbe wiki nzima hajagusa jani. Hapa tunazungumzia mchicha, matembele, bamia, karoti, bilinganya na jamii hiyo.

Shirika la Afya Duniani linashauri kila mwenye miaka 10 au zaidi ale angalau gramu 400 za mboga hizi na matunda kwa siku. Mtoto wa miaka 6 hadi 9 gramu 350, wa miaka 2 hadi 5 gramu 250. Gramu 400 ni vipimo vitano vya gramu 80. Mihogo, magimbi na viazi vya aina zote havihesabiwi, kwa hiyo chipsi hazimo.

Tuseme vipimo vitatu ni mboga na viwili ni matunda. Familia ya watu wazima watano itahitaji gramu 1,200 za mboga kwa siku, yaani karibu kilo moja na robo.

Mchicha ndio unaowadanganya wengi. Fungu linajaza sufuria, lakini ukishakata mizizi na mashina magumu, kisha majani yakanywea motoni, kinabaki kibakuli. Basi pima baada ya kuiva: vijiko vinne vya chakula, vilivyojaa hadi kufanya kilima, ni kipimo kimoja. Kwa mboga mbichi, nyanya moja ya wastani, karoti moja ya wastani, au tango la urefu wa sentimita 5 hutosha. Vipande vitatu vyembamba vya nyanya juu ya chipsi havifiki. Kwa mama lishe, ukiwekewa vijiko viwili vya mchicha pembeni ya wali, hiyo ni nusu kipimo. Mwambie tu: "Mama, punguza wali, niongezee majani."

Osha majani kabla ya kukata. Kaanga kitunguu na nyanya kwa kijiko kimoja au viwili vya mafuta, tia mchicha bila maji, maana ule unyevu wa kuoshea unatosha, funika dakika tano. Ukichemsha na kumwaga maji, vitamini C na foleti (aina ya vitamini B) vinaondoka nayo. Kisamvu ni habari nyingine: kina sianidi ya asili, kwa hiyo lazima kitwangwe na kuchemshwa hadi kiive kabisa.

Kamulia ndimu mezani. Inausaidia mwili kufyonza madini ya chuma ya kwenye majani. Chai ya rangi huzuia, kwa hiyo isubiri kama saa moja baada ya chakula.

Anayetumia warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, asibadili ghafla kiasi cha majani anachokula, kwa sababu vitamini K yake hupunguza nguvu ya dawa. Mwenye ugonjwa wa figo aulize kwanza kliniki kuhusu potasiamu, madini yaliyomo kwenye mboga na matunda.