Jinsi ya kufika kituo cha Bockenheimer Warte, kile chenye behewa lililozama kwenye lami

Wale mnaokuja kusoma Chuo Kikuu cha Goethe pale Frankfurt, au mnapita tu mna masaa kadhaa ya kuua, hiki kituo msikiache.

Ukitokea eapoti panda treni ya S8 au S9 mpaka Hauptbahnhof, yaani stesheni kuu, shuka, fuata vibao vya U4, treni ya chini ya ardhi, hakikisha treni imeandikwa Bockenheimer Warte, ndo mwisho wa reli kwa hiyo hata ukisinzia hupitilizi. Kinaanza Festhalle/Messe, kinachofuata ndo chenyewe. Tiketi kata kwenye mashine kabla hujapanda, maana hamna geti wala konda na mtu anaona kama ni bure vile, kumbe wakaguzi wanapanda na nguo za kawaida kama abiria wenzako, ukidakwa faini euro 60.

Ukishuka usitoke tu mlango wowote. Kituo kina milango kadhaa, mingine ya kawaida kabisa, na ukipitia huko utaondoka unasema mbona sijaona cha ajabu. Tafuta ule wa behewa: ni behewa la tramu ya zamani limelala mshazari, upande mmoja umeingia ardhini, vipande vya lami vimebinuka pembeni yake kama limetoka kugonga sasa hivi, na watu wanapita humo humo ndani kwenda kwenye treni wala hawana habari. Lilichorwa na msanifu Zbigniew Peter Pininski, likawekwa 1986. Kwa picha simama ubavuni, usipige kwa mbele, ukipiga kwa mbele ule mwinamo haueleweki.

Sasa wanafunzi, hapa ndo pa kuwa makini. Kuona kituo cha chuo haimaanishi darasa lako lipo hapo, idara nyingi zilishahama kutoka Bockenheim, kampasi ya zamani ya hapa kituoni. Soma barua yako ya chuo vizuri: ikisema Campus Westend shuka Holzhausenstraße, ikisema Riedberg panda U8 au U9 mpaka Uni Campus Riedberg, ambako ni mbali kiasi, ukikosea asubuhi ya mtihani shauri yako. Bockenheim kuna maktaba kuu, kwa hiyo bado utakuja tu.

Na kama una muda, makumbusho ya Senckenberg yenye mifupa ya dinosaria yapo jirani hapo, unaenda kwa mguu.