Umeombwa kuingia bodi ya shirika la Kiyahudi la haki za jamii? Anzia hapa

Ndugu zangu mlioko Uingereza, msishangae barua ya kuwaomba muingie bodi kama hiyo ikiwafikia. Mashirika ya Kiyahudi yana historia ndefu na wakimbizi. World Jewish Relief ilianza mwaka 1933 kuwanusuru Wayahudi wa Ujerumani, na miaka ya 1938 na 1939 ilishiriki kuwaleta Uingereza watoto wapatao 10,000. HIAS, shirika la Kiyahudi la Marekani, imewahudumia wakimbizi hata Nairobi. Mashirika mengi madogo yamefuata njia hiyo, na leo anayehudumiwa anaweza kuwa Mkongo, Msomali au Muafghani. Kwa hiyo bodi zinatafuta watu wanaoyajua maisha hayo, wawe Wayahudi au la. Mimi si Myahudi, na nimekaa kwenye kiti cha mwenyekiti.

Kazi ni ya kujitolea. Nauli utarudishiwa, mshahara hakuna.

Hatua ya 1: Soma kabla ya kusema ndiyo

Fungua mtandaoni daftari la Charity Commission, mamlaka inayosimamia mashirika ya hisani. Ni bure, na hesabu za mashirika mengi ya Uingereza na Wales zimo. Soma za miaka mitatu mfululizo, maana mwaka mmoja hauonyeshi mwelekeo. Tazama akiba: kama ruzuku kubwa ikikatika, mishahara italipwa miezi mingapi? Tazama pia kama ripoti zimewasilishwa kwa wakati. Shirika lina miezi 10 baada ya mwaka wake wa fedha kufungwa, na linalochelewa kila mwaka linakueleza jambo.

Kisha omba katiba. Soma kipengele cha madhumuni mara mbili, utakihitaji huko mbele. Uliza pia shirika limesajiliwa kwa mfumo gani. Likiwa kampuni au CIO (shirika la hisani lenye nafsi yake kisheria), kwa kawaida deni la shirika si deni lako. Likiwa trasti au chama cha kawaida, madeni yanaweza kukufuata hadi nyumbani.

Hatua ya 2: Ijue kalenda

Usiitishe kikao Ijumaa alasiri wakati wa baridi. Desemba jua la London linazama kabla ya saa kumi jioni, na Sabato inaingia nalo. Septemba na Oktoba kuna Mwaka Mpya wa Kiyahudi, Yom Kippur (siku ya toba na kufunga) na Sukkot (sikukuu ya vibanda), zimefuatana karibu karibu, kwa hiyo mambo mazito yamalizwe kabla. Chakula cha kikao kiwe kosha, yaani kinachofuata sheria za Kiyahudi za chakula, au angalau uulize. Wajumbe wengine hawashiki hata moja kati ya haya. Panga vikao ukiwafikiria kwanza wanaoyashika.

Hatua ya 3: Toka jikoni

Bodi huamua mwelekeo, huidhinisha bajeti, humwajiri na kumpima mtendaji mkuu. Haipangi zamu za wafanyakazi wala haichagui rangi ya bango. Mjumbe anayempigia simu ofisa wa ofisini kumwelekeza kazi anamvunjia mtendaji mkuu heshima, na mwenyekiti ndiye wa kumwita pembeni. Katika shirika dogo lenye wafanyakazi wachache huenda bodi ikasaidia kazi za mkono. Sawa, lakini siku hiyo umekuwa mtu wa kujitolea chini ya mtendaji, si bosi wake.

Hatua ya 4: Fedha zipite mikono zaidi ya mmoja

Hapa mila yenyewe inakusaidia. Mishna, mkusanyo wa sheria za Kiyahudi wa yapata mwaka 200, inasema mfuko wa maskini hukusanywa na watu wawili na kugawanywa na watatu. Basi malipo ya benki yaidhinishwe na wawili, na mweka hazina asiwe peke yake anayeelewa jedwali. Fedha zilizotolewa kwa kazi maalumu zisiguswe kulipia pango, hata kwa "kukopa" wiki mbili. Mjumbe yeyote aruhusiwe kuuliza swali la hesabu bila kuchekwa. Kila mjumbe wa bodi ni mdhamini wa shirika kisheria, na wajibu ni wa wote; asiyejua kusoma mizania hawezi kujificha nyuma ya mhasibu.

Hatua ya 5: Yape mabishano nafasi

Hii ndiyo kazi yenyewe ya mwenyekiti, na ndipo wageni wengi wanapokwama. Tumelelewa kwamba mkubwa akishasema, kikao kimeisha. Kwenye meza hii mjumbe kijana atampinga mwanzilishi wa shirika mbele ya wote, kisha watagawana keki. Usidhani wamegombana. Usikimbilie kuwapatanisha.

Mabishano makali huja shirika linapotakiwa kutoa tamko: juu ya sheria mpya ya hifadhi ya wakimbizi, juu ya uchaguzi, na zaidi ya yote juu ya Israeli na Gaza. Wafadhili wanavuta huku, wafanyakazi kule, na wajumbe wana ndugu zao huko. Mimi hufuata mpangilio huu.

Swali la kwanza ni katiba: je, jambo hili limo ndani ya madhumuni yetu? Sheria inaruhusu shirika la hisani kupigania mabadiliko ya sera ikiwa yanatumikia madhumuni yake. Hairuhusu kukiunga mkono chama cha siasa wala mgombea. Mara nyingi swali hili peke yake hupunguza joto nusu.

Pili, nani ana maslahi binafsi? Ayataje, na ikibidi atoke nje. Tatu, rasimu ya tamko iwe imeandikwa na kusambazwa kabla. Tamko linalotungwa na watu tisa saa nne usiku huwa halimridhishi yeyote. Nne, kila mtu aseme mara moja kabla ya mtu kusema mara ya pili. Mwenyekiti aseme mwisho. Tano, hakikisha akidi ipo, kisha pigeni kura.

Na kwenye kumbukumbu za kikao andika hoja ya walioshindwa, si idadi ya kura tu. Mishna ilihifadhi maoni ya mwalimu wa kale Shammai ingawa hukumu nyingi zilimfuata mpinzani wake Hillel, na sababu inayotolewa ni kwamba mahakama ya baadaye huenda ikayahitaji. Bodi ya miaka mitano ijayo nayo itahitaji. Aliyeshindwa akiona hoja yake imeandikwa kwa haki, ni rahisi kumwomba asiipinge bodi mtaani, kwa sababu uamuzi sasa ni wa wote, yeye akiwemo. Akishindwa kabisa kuubeba, njia ya heshima ni kujiuzulu, si kuvujisha barua pepe.

Hatua ya 6: Andaa anayekufuata

Angalia katiba inatoa mihula mingapi na uiheshimu, hata wakikubembeleza. Mwaka mmoja kabla ya kuondoka, mpe makamu wako aendeshe kikao kizima ukiwa umekaa kimya. Mpeleke kwa wafadhili wakuu, akajulikane sura. Wiki unayokabidhi, hakikisha jina lako limetolewa benki na kwenye daftari la Charity Commission; lisipotolewa, mwenyekiti mpya atakuja kusubiri saini ya mtu aliyekwisha hamia Kanada.