Nywele za kupandikizwa zikikataa kulala
Wewe uliyepandikizwa nywele hapa Kisumu, zile zinazochomoza kuanzia mwezi wa 3 au wa 4 baada ya kupandikizwa huwa ngumu na zimejikunja ovyo kuliko zako za zamani. Usishtuke. Mizizi bado inapona, na nyingi hulainika zenyewe kufikia mwezi wa 12 hadi 18. Dawa ya kulainisha, draya ya moto na misuko ya kubana ziache kabisa kwa sasa, tafadhali! Osha kwa shampuu isiyo kali, kisha zikiwa bado na majimaji pakaa kondishena kidogo, uzichambue kwa vidole polepole kutoka nchani kuelekea shinani. Kitana cha meno mapana kifuate baadaye. Jua la saa saba pale Kondele nalo ni kali: vaa kofia isiyobana.