Umestaafu uongozi wa netiboli na nguvu bado unazo? Anzisha timu ya mabinti mtaani, ila anzia jikoni kwa mama zao

Naandika hii kwa wamama wenzangu mliowahi kuwa makatibu, wenyeviti, makocha wa netiboli, sasa hivi mmestaafu mko nyumbani mnapalilia migomba na kuangalia tamthilia, alafu jioni mnaona mabinti wamejikalia kibarazani kwa Mangi hawana pa kwenda. Mi niko hapa Moshi, uongozi nimeushika miaka mingi tu, na nilipostaafu nikadhani nikishapata mpira na uwanja basi timu ipo. Wapi! Wiki ya kwanza walikuja 19, wiki ya tatu wamebaki 6, na netiboli inataka 7.

Kwahiyo usianze na mpira, anza na mama zao. Kulikuwa na binti mmoja mrefu, mkono mzuri, ukimuona tu unasema huyu GS huyu, yaani mfungaji, akapotea. Nikamfuata kwao Pasua, nikamkuta mama yake anakaanga vitumbua nje, nikavuta kigoda nikakaa, nusu saa nzima sijagusa habari za mpira, tunaongea tu bei ya mafuta ya kula na mchele mpaka yeye mwenyewe akachoka akaniuliza, "Sasa Mama Kocha, huo mpira wenu ndo utanichotea maji?" Aisee. Kumbe ile saa 10 tuliyoipanga sisi ndo saa ya foleni ya maji kwao. Nikaenda kuongea na mwalimu mkuu maana bomba la shule liko hatua chache toka uwanjani, tukakubaliana kila binti aje na dumu lake, wakimaliza mazoezi wanachota wanaondoka pamoja. Siku hizi ukipita pale unakuta madumu ya njano yamepangwa pembeni ya mstari utadhani wachezaji wa akiba. Yule binti alirudi, na siku ya mechi mama yake anatuletea vitumbua.

Uwanja uombe kwa barua, sio kwa mdomo. Mwalimu mkuu, nakala kwa mwenyekiti wa mtaa na mtendaji wa kata, kwa sababu mwalimu akihamishwa yule anayekuja hakujui na unaanza moja. Vipimo mnavijua, mita 30.5 kwa 15.25 unagawa mara tatu, nusu duara ya kufungia ni mita 4.9 kutoka katikati ya mstari wa goli. Mistari piga kwa chokaa au hata majivu ya jikoni, ila masika Machi mpaka Mei usijichoshe kila siku, mvua ya huku inafuta yote usiku mmoja.

Nguzo nenda kwa fundi wa kuchomelea, bomba la chuma, ringi ya nondo upana wa ndani sentimita 38, chini ikae kwenye tairi chakavu lililojazwa zege ili muweze kuisogeza. Kimo ni mita 3.05 na hapa uwe mkali, beba futi yako mwenyewe upime kabla hujalipa! Fundi wa kwanza aliniletea fupi eti "hao si watoto mama", nikakubali kizembe, mabinti wakazoea, siku tumeenda ugenini kila wakirusha mpira unagonga ringi kwa chini, tulipigwa mabao mpaka nikaacha kuhesabu. Mpira ni namba 5, kama hela haijatosha tumia wa miguu namba 5 kwa kupasiana, ukubwa karibu ni ule ule, ila unateleza.

Sasa hili la usalama wengi wetu enzi zetu tulilichukulia poa na mi siwezi kujitetea. Kocha wa kiume haachwi peke yake na mabinti, safari lazima awepo mama wa kulala nao chumba cha jirani, meseji za usiku kwa mtoto mmoja mmoja hakuna, tangazo linapita kwa mzazi. Wafundishe wote namba 116, ni ya bure, ya kupiga kama mtoto anafanyiwa ukatili, na wajue kituo cha polisi kuna Dawati la Jinsia na Watoto, na wewe uwe tayari kumsindikiza, sio kumuonyesha njia tu. Kwenye begi la timu weka taulo za kike kabla hujaweka hata filimbi (kodi yake iliondolewa 2018 ikarudishwa 2019, kwahiyo usishangae mtoto akikosa mazoezi siku nne kila mwezi, muulize taratibu). Na binti aliyejifungua usimfute kwenye timu. Tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu warudi shule, lakini wengi wanaogopa kuingia ofisini kwa mkuu wa shule peke yao, na hapo ndo jina lako la zamani linafanya kazi, vaa kitenge chako kizuri uende naye.

Hela: daftari moja, watu wawili wanasaini, wazazi wakitaka kuona wanaona. Mwaka mmoja tulimlipa mtu wa Hiace nauli yote asubuhi, kwenda na kurudi, akatushusha Himo akasema anaenda kuweka mafuta, mpaka leo. Lipa nusu. Kwenye mashindano ya shule, wadogo wa shule za msingi wataenda UMITASHUMTA na wa sekondari UMISSETA kupitia shule zao, wewe kazi yako ni kuwanoa tu, ila mkitaka kuwa klabu kamili nenda kwa afisa michezo wa wilaya akuelekeze usajili, na viongozi wa CHANETA, chama chetu cha netiboli, wa mkoa wajue mpo mapema, sio siku ya ligi.

Cha mwisho ndo kigumu, kuachia filimbi. Sisi tuliozoea kuitwa mwenyekiti tukikaa kwenye benchi mdomo unawasha. Tafuta binti mmoja mwenye utulivu, mpeleke kozi ya uamuzi ikitokea, mwachie mazoezi siku moja kwa wiki, baadaye mbili. Wa kwetu alianza kama WD, beki wa pembeni, ana miaka 14, sasa ana 22 na ndo anaendesha kila kitu. Juzi nilisimama kumfokea mtoto aliyekaa na mpira zaidi ya sekunde 3, huyo binti kocha wetu akanigeukia mbele ya wote, "Mama, keti." Nikaketi, nikaendelea kuandika majina ya waliofika.