Jinsi ya Kutafuta, Kutambua na Kuhesabu Kome wa Mtoni

Mara ya kwanza nilipopewa kazi ya kuhesabu kome mtoni nilitoka majini na karatasi tupu. Niliingia upande wa juu, nikashuka nikifuata mkondo, na tope nililolitibua likawa linanitangulia hatua kwa hatua. Sikuona kitu. Kesho yake mwenzangu mzoefu alianzia chini, akapanda akiukabili mkondo, akaokota kome kumi na tisa palepale nilipokuwa nimekanyaga.

Mwongozo huu ni wa kukuepusha na aibu kama ile. Ila nikuonye mapema: kuwapata kome ni nusu ya kazi tu. Kome wa mtoni huishi miaka mingi, kwa hiyo unaweza kukuta sehemu imejaa wakubwa wenye afya ilhali hakuna hata mtoto mmoja aliyezaliwa pale kwa miaka thelathini. Hatua zote zilizo hapa chini zinaelekea kwenye swali hilo moja: je, wanazaliana bado?

Kwanza umjue unayemtafuta

Ninaowasema ni kome wa oda ya Unionida. Wana magamba mawili yaliyoshikana kwa bawaba, na mguu wa nyama wa kuchimbia. Duniani kuna spishi mia tisa hivi, na takriban 300 ni za Amerika ya Kaskazini peke yake. Afrika nayo ina wake: Coelatura, Chambardia, Mutela, na Etheria elliptica ambaye ameiacha desturi ya wenzake, badala ya kujichimbia hujigandisha kwenye mwamba kama chaza wa baharini.

Uzazi wao ndio unaowafanya wawe wagumu kuwalinda. Dume huachia mbegu majini, jike huzivuta pamoja na maji anayopumua, kisha hulea mayai ndani ya matamvua yake mpaka yawe lava, yaani watoto wasiofanana bado na wazazi, wanaoitwa glokidia, kila mmoja mdogo kuliko nusu milimita. Glokidia hawezi kukua peke yake. Lazima ajibane kwenye matamvua au mapezi ya samaki, akae hapo kwa wiki au miezi, halafu adondoke akiwa kome mchanga. Na si samaki yeyote: akikosea mwenyeji, kinga ya mwili wa samaki humtupa nje.

Ndiyo maana baadhi yao wamekuwa mabingwa wa hila. Jike wa Lampsilis, kome wa Amerika ya Kaskazini, ana ukingo wa nyama laini unaofanana na kisamaki, hata doa la jicho limo, naye huupeperusha mkondoni. Samaki mla samaki akirukia chambo hicho hujazwa lava mdomoni. Epioblasma ni mkali zaidi: hubana kichwa cha samaki kwa magamba yake, akamwagia lava, kisha akamwachia. Mutela wa Afrika ana njia yake tofauti, kwani lava wake huota kama mzizi ndani ya ngozi ya samaki. Kwa upande mwingine Margaritifera margaritifera, kome wa lulu wa Ulaya na mashariki ya Amerika ya Kaskazini, hategi chochote. Humwaga glokidia kwa mamilioni, akitegemea bahati iwafikishe kwa samoni au trauti.

Hatua ya 1: Kibali na usalama

Usimguse kome kabla ya kuuliza sheria. Kome wa mtoni ni miongoni mwa wanyama walio hatarini zaidi duniani, na nchi nyingi zinawalinda. Uingereza, kwa mfano, ilimpa kome wa lulu ulinzi kamili mwaka 1998; kumwokota tu bila leseni ni kosa. Pata kibali cha maandishi na utembee nacho kwenye mfuko usiopitisha maji.

Usiende peke yako. Mto wenye mamba au viboko si wa kuingia, tafuta mwingine. Kwenye maji ya joto yenye kichocho, vaa ovaroli la mpira na glavu ndefu. Ukitoka mto mmoja kwenda mwingine, sugua vifaa vyote uvikaushe kabisa, kwani buti mbichi hubeba wageni waharibifu wasioonekana kwa macho.

Hatua ya 2: Soma sakafu ya mto, usisome maji

Wengi huangalia maji: ni masafi, ni ya kina gani, yanakwenda kasi gani. Hayo yana maana, lakini yanayomfaa kome kuliko yote ni sakafu isiyohama. Yeye hukaa mahali pamoja miaka na miaka, mwili nusu au wote ukiwa ndani ya mchanga. Mafuriko yakipindua changarawe aliyojichimbia, yatambeba au yatamfukia. Kwa hiyo usijiulize maji ya leo yakoje. Jiulize mahali hapa palikuwaje siku ya mafuriko makubwa.

Jibu limeandikwa sakafuni mwa mto. Mawe yenye ukoga wa kijani hayajabingirika karibuni. Mawe yaliyoshikamana na mchanga, yanayokataa kutikisika ukiyasukuma kwa kisigino, ni dalili nzuri. Changarawe iliyolegea inayozama chini ya mguu kama rundo la mahindi ni dalili mbaya. Tope laini lililofunika kila kitu ni baya pia, maana kome mchanga aliyejifukia hupumua kwa maji yanayopita katikati ya chembe za mchanga. Tope likiziba nafasi hizo, anakosa hewa.

Mimi huanzia sehemu hizi: nyuma ya mawe makubwa, pembeni mwa mkondo mkuu chini ya mizizi ya miti ya ukingoni, na mahali ambapo maji ya kasi huanza kutulia kabla ya kuingia kwenye kina. Usidharau ukingo wenye tope kidogo. Anodonta na jamaa zake wenye magamba mepesi hupapenda. Lakini ukiwa na saa mbili tu, nenda kwenye mchanganyiko wa mchanga na changarawe iliyotulia.

Hatua ya 3: Anza na wafu

Kabla ya kulowa, tembea ukingoni. Fisi maji na wanyama wengine walao kome huacha marundo ya magamba, na rundo moja linaweza kukufundisha zaidi ya saa nzima majini. Gamba ambalo ndani yake bado linang'aa, na kamba ya bawaba bado inakunjika, ni la aliyekufa karibuni. Lililopauka kama chokaa linaweza kuwa la miaka mingi sana, nalo lisikufanye uandike kwamba spishi hiyo ipo.

Kando ya mto Mississippi, Marekani, huokotwa magamba yenye matundu ya mviringo kamili, kama yaliyopigwa na mashine. Ndivyo ilivyokuwa: kuanzia mwaka 1891 mji wa Muscatine, Iowa, ulitengeneza vifungo vya nguo kutokana na kome, na makombo yakatupwa palepale.

Hatua ya 4: Tafuta kwa muda maalumu

Sasa ingia, ukianzia chini na kupanda juu. Chukua ndoo yenye kioo kilichobandikwa mahali pa kitako, izamishe kidogo, uangalie chini. Usitafute gamba. Tafuta mpasuko mdogo wenye matundu mawili, moja lina vinyweleo, ukubwa wa tundu la kufuli hivi. Hapo ndipo kome anapovuta maji na kuyatoa. Kivuli chako kikimpitia, mpasuko hufumba. Baada ya kumi wa kwanza jicho litazoea, nawe utashangaa jinsi ulivyokuwa ukiwapita.

Maji yakiwa machafu, piga magoti na utumie vidole. Papasa polepole; kome hukaa wima, na ukingo wake una makali ambayo jiwe halina.

Andika muda wa kila mtu. Watu watatu wakitafuta dakika arobaini ni saa mbili za mtu mmoja. Wakipata kome 50, ni 25 kwa saa. Takwimu hiyo si msongamano halisi, ni ya kulinganisha sehemu na sehemu. Usijidanganye kwamba inakuonyesha wote, kwa sababu macho huwapata wakubwa na huwakosa wadogo.

Hatua ya 5: Shika, tambua, pima, rudisha

Waweke kwenye mfuko wa wavu uliozama mtoni, mahali penye kivuli. Toa mmoja mmoja, na kila mmoja asikae hewani zaidi ya dakika chache. Usimpanue magamba kwa nguvu kuona ndani. Misuli itachanika, na jike mwenye lava akisumbuliwa huwatapika kabla ya wakati.

Kwanza watenge wasiohusika. Corbicula ni mdogo, mviringo wa pembetatu, na ana mistari minene iliyopangika kama ngazi. Wa familia ya Sphaeriidae wana magamba membamba, nao ni wadogo, kwa kawaida chini ya sentimita mbili. Dreissena polymorpha ana michirizi kama ya punda milia na nyuzi za kujifungia kwenye kitu chochote kigumu, ukiwemo mgongo wa kome mwenzake. Hawa hawahitaji samaki kulea watoto, na hiyo ni sababu mojawapo inayowafanya waenee haraka wakifikishwa ugenini.

Waliobaki, angalia umbo kwa jumla, unene, vinundu au mikunjo juu ya gamba, na miale ya kijani ambayo mara nyingi huwa wazi zaidi kwa wachanga. Kwa magamba ya wafu angalia pia meno ya bawaba: Anodonta hana kabisa, Unio ana mafupi ya mbele na marefu ya nyuma, Margaritifera margaritifera ana ya mbele tu. Jihadhari na umbo peke yake. Spishi ileile huweza kuwa bapa kwenye vijito vya juu na nene iliyotuna kwenye mto mkubwa, na wataalamu wa zamani walizipa majina mengi yasiyo na sababu. Ukiwa na shaka piga picha ubavu wa kulia, wa kushoto na juu ya bawaba, rula ikiwa kando, na uandike "hajatambuliwa". Jina la kubahatisha likishaingia kwenye orodha, kulitoa ni kazi ya miaka.

Pima urefu kwa kalipa, kipimio chenye taya mbili, kila mmoja. Usihesabu miduara ya gamba ukatangaza umri, hasa kwa wazee ambao sehemu ya zamani ya gamba imeliwa na maji.

Kurudisha nako kuna ufundi. Msimu wangu wa kwanza niliwapanda kadhaa kichwa chini miguu juu, nikidhani nawafanyia hisani. Upande wa mguu ndio unaoingia mchangani, wenye matundu ya maji ubaki juu. Kama hujui upi ni upi, mlaze ubavu palepale ulipomtoa, atajipanga mwenyewe.

Hatua ya 6: Fremu na chekeche

Hii ndiyo hatua inayorukwa, na ndiyo yenye jibu. Tengeneza fremu ya nusu mita kwa nusu mita, yaani robo ya mita ya mraba. Itupe mahali palipopangwa kabla, si mahali panapokuvutia. Okota wanaoonekana, kisha chimba mchanga wote wa ndani hadi sentimita 15 na uupitishe kwenye chekeche lenye matundu ya milimita 6.

Hesabu ni nyepesi: fremu 40 ni mita 10 za mraba, zikitoa kome 30, ni watatu kwa kila mita ya mraba. Lakini angalia zaidi urefu wao. Chora mchoro wa nguzo: wangapi wana chini ya sentimita 2, wangapi 2 hadi 4, na kuendelea. Nguzo za kushoto zikiwa na watu, mto unazaa. Zikiwa tupu na zote zimerundikana kulia, unaangalia kijiji cha wazee. Wale wa mwaka wa kwanza wanaweza kupenya matundu ya chekeche, kwa hiyo ukosefu wao peke yao usikutie hofu.

Usichimbe sehemu nzima kwa tamaa ya takwimu, na usichimbe msimu wa baridi kali. Kome aliyepoa hana nguvu ya kujichimbia tena.

Hatua ya 7: Ukikosa wadogo, ulizia samaki

Tafuta samaki mwenyeji wa spishi yako ni nani, kisha uliza wavuvi kama bado anafika hapo. Kwenye Mississippi ya juu, Reginaia ebenus, kome mweusi aliyependwa sana na watengeneza vifungo, hutegemea samaki mmoja anayehama, Alosa chrysochloris. Mwaka 1913 bwawa la Keokuk lilikamilika na kuiziba njia ya samaki huyo. Kome hawakufa siku ile. Waliendelea kuzeeka juu ya bwawa miaka mingi, wakitoa lava wasio na pa kujishika, mpaka wakabaki wachache sana.

Kwa hiyo ukikuta nguzo za kushoto tupu, panda na ushuke mto kwa miguu ukiandika kila kizuizi: bwawa, kalvati lililoning'inia juu ya maji, banio la umwagiliaji. Pima pia tope, maana samaki akiwepo na wadogo wakakosekana, mara nyingi mchanga umezibwa. Weka alama za eneo kwa kifaa cha GPS, tunza karatasi za urefu wa kila kome, na urudi baada ya miaka mitano, mwezi uleule, kwa fremu na chekeche lilelile.